Kubadilisha kichwa cha dizeli cha OO kitembee kwenye reli ya EM au P4

Maswali ya wanaojenga treni ndogo za mfano ni yale yale. OO, EM na P4 ni viwango vya upana wa reli za treni hizo. "Nikinunua magurudumu mapya, yanaingia tu?" "Nichukue EM au P4?" "Kwa nini kichwa changu kinakwenda vizuri kwenye njia iliyonyooka halafu kinaruka kikifika kwenye pointi?" Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu nimesimama kwenye meza za maonyesho, na kila mara naanza upya. Sasa nayaweka yote pamoja, ili anayeanza leo asome mara moja kisha achukue bisibisi.

Mfano ninaoutumia ni Class 37, dizeli ya Uingereza yenye ekseli sita iliyotengenezwa na English Electric kuanzia 1960 hadi 1965. Nimeichagua kwa sababu wengi wenu mnayo sandukuni, na kwa sababu inafundisha karibu kila kitu. Ukiiweza hii, vichwa vya ekseli nne kama Class 20 au Class 25 utavimaliza jioni moja. Usianze na Class 08, ile ndogo ya kupanga mabehewa. Ile ina vyuma vinavyounganisha magurudumu kwa nje, na magurudumu yake lazima yapangwe kwa pembe kamili ya robo mduara. Iache kwanza.

Tuelewane kwa maneno. Nikisema "bogi" hapa simaanishi behewa. Namaanisha ule mkokoteni wenye magurudumu ulio chini ya kichwa cha treni. "Ukingo" ni ile sehemu ya gurudumu inayoshuka ndani ya reli na kulizuia lisitoke. "Mgongo kwa mgongo" ni nafasi kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja. "Pointi" ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kama utashika neno moja tu katika mwongozo huu, shika hilo la mgongo kwa mgongo. Makosa mengi niliyoletewa yalikuwa ya kipimo hicho, hata pale mwenye kichwa alipoapa kwamba tatizo ni reli.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Treni za OO zimepunguzwa hadi milimita 4 kwa kila futi, yaani mara 76.2. Reli halisi ya Uingereza ina upana wa milimita 1435, sawa na SGR unayopanda Dar kwenda Dodoma au Mombasa kwenda Nairobi. Gawanya kwa 76.2 unapata milimita 18.83. Reli ya OO ina 16.5 tu. Ukiikuza irudi kwenye ukubwa halisi unapata milimita 1257, pungufu ya karibu sentimita 18. Ndiyo maana ukitazama kichwa cha OO kutoka mbele unaona mwili mpana umewekwa juu ya magurudumu yaliyojikusanya katikati, kama meza ya sebuleni iliyosimamishwa juu ya kigoda.

EM inasogea karibu na ukweli, P4 inaufikia. Vipimo vya kuandika ukutani ni hivi:

- OO: reli 16.5, mgongo kwa mgongo karibu 14.4, unene wa gurudumu 2.8
- EM: reli 18.2, mgongo kwa mgongo 16.5, unene wa gurudumu karibu 2.3
- P4: reli 18.83, mgongo kwa mgongo 17.75, unene wa gurudumu 2.0

Zote ni milimita. Angalia namba 16.5 imetokea mara mbili. Kwenye OO ni upana wa reli, kwenye EM ni mgongo kwa mgongo. Nimewaona watu makini kabisa wakizichanganya wakati wa kuagiza geji, yaani kipande cha kupimia nafasi hiyo.

EM au P4?

Kama hiki ni kichwa chako cha kwanza, chukua EM. Nafasi ambamo ukingo unapita kwenye pointi za EM ni milimita 1, na hiyo inasamehe mkono unaojifunza. Kwenye P4 ni 0.68, na ukingo wenyewe haufiki nusu milimita kwa kina. P4 inapendeza kuliko zote, lakini inataka njia iliyolazwa kwa uangalifu mkubwa, na mara nyingi inataka ekseli ziweze kupanda na kushuka. Isitoshe, kwa EM unaweza kununua pointi zilizo tayari kulazwa kutoka EM Gauge Society, chama kilichoanzishwa 1955. Kwa P4 kuna Scalefour Society. Vyote viwili vina duka la wanachama, kwa hiyo jiunge kabla ya kununua chochote, siyo baada.

Na swali la bei rahisi: je, naweza kuyasukuma nje magurudumu yale yale ya OO? Kwa EM, ndiyo, na wengi wanafanya hivyo. Weka mgongo kwa mgongo 16.4 badala ya 16.5, kwa sababu ukingo wa OO ni mnene zaidi. Ila ujue kwamba gurudumu la OO ni pana, hivyo litahitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya bogi. Kwa P4 haiwezekani. Ukingo wa OO hauingii kwenye nafasi ya 0.68.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kichwa kinachofanya kazi. Kibovu kitengeneze kwanza kikiwa bado OO.
- Seti ya magurudumu ya kichwa chako hasa, siyo "yanayofanana". Ultrascale na Alan Gibson wanatengeneza. Ultrascale hutengeneza kwa oda, kwa hiyo agiza mapema. Gurudumu la Class 37 halisi lina kipenyo cha futi 3 na inchi 9, ambacho kwa kipimo chetu ni milimita 15.
- Geji ya mgongo kwa mgongo ya EM au P4: kipande cha chuma kilichokatwa kwa kipimo kamili. Usikadirie kwa vernia (kile kifaa cha kupimia unene) peke yake.
- Vernia ya dijitali, hata ya bei nafuu.
- Pula ndogo ya kutolea magurudumu.
- Jiriwa yenye midomo laini, au vipande viwili vya mbao ngumu vya kuiwekea.
- Bisibisi ndogo, kibano, tupa bapa laini, kisu chembamba, msasa.
- Multimita.
- Pete bapa, yaani washa, za ekseli ya milimita 2 zenye unene tofauti, 0.1 hadi 0.5.
- Waya wa fosfabronzi wa milimita 0.3 na vifaa vya kulehemu.
- Kipande cha kioo cha dirisha.
- Njia ya majaribio yenye kipande kilichonyooka, kona moja na pointi moja. Bila pointi hujajaribu kitu.

Kuhusu kona: kwa kichwa cha ekseli sita usishuke chini ya nusu kipenyo cha milimita 900 kwa EM, na 1200 kwa P4. Zile kona za seti za watoto za OO zisahau.

Hatua

1. Kiendeshe kabla hujakigusa. Nusu saa mbele, nusu saa nyuma, kwenye reli ya OO. Sikiliza. Mlio wowote ulioko sasa utakuwepo baadaye, na utadhani umeuleta wewe.

2. Kama kina dekoda ya dijitali, yaani chipu inayopokea amri za kukiendesha, itoe na uweke plagi ya kawaida. Ukikosea nyaya au gurudumu likagusa chuma, shoti inaweza kuiunguza dekoda. Utairudisha siku ya mwisho.

3. Piga picha na utie alama. Pindua kichwa juu ya taulo au sponji. Piga picha za bogi zote mbili kutoka chini na kutoka kila upande. Kwa kalamu ya wino mzito andika A na B, na mshale unaoonyesha mbele. Usiruke hatua hii. Bogi ikirudi kinyume na nyaya zake, upande wa kushoto unapeleka umeme kulia, na kichwa chote kinakuwa shoti.

4. Fungua sahani ya chini ya bogi. Kuna zinazoshikwa kwa skrubu na kuna zinazoshikwa kwa vishikizo vya plastiki. Vishikizo vifungue kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi bapa, ukianzia mwisho mmoja. Usinyanyue katikati, sahani itapasuka. Ikitoka, ekseli zote tatu zitaonekana zimelala kwenye nafasi zao, nyingi zikiwa na gia katikati. Angalia umeme unachukuliwa wapi. Je, kuna vibati vyembamba vinavyogusa migongo ya magurudumu, au umeme unapita kwenye ekseli na beringi zake? Andika jibu. Utalihitaji hatua ya 10.

5. Pima na uandike. Mgongo kwa mgongo wa sasa. Urefu wa ekseli. Kipenyo cha ekseli. Nafasi ya ndani ya bogi, kutoka ubavu hadi ubavu. Sasa piga hesabu hii, maana ndiyo jibu la lile swali la "yanaingia tu?" Upana wa jumla wa magurudumu ni mgongo kwa mgongo ukijumlisha unene wa magurudumu mawili. OO inakuja milimita 20.0. EM ni 21.1. P4 ni 21.75. Kumbe magurudumu ya EM yanatoka nje kwa takriban nusu milimita tu kila upande, na ya P4 kwa karibu 0.9, kwa sababu magurudumu mapya ni membamba. Ukipata nafasi ya ndani ya bogi yenye milimita 22.5 na zaidi, uko salama kwa yote mawili. Ukipata 21.5, EM itapita bila kukata, na P4 itadai tupa. Siku hizi wako watengenezaji, Accurascale ni mmojawapo, wanaounda baadhi ya vichwa vyao wakiwa na EM na P4 akilini, na nafasi hiyo unaikuta ipo tayari.

6. Toa magurudumu ya zamani. Tumia pula. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu mimi kichwa changu cha kwanza, Class 20, nilivuta gurudumu kwa koleo huku nalizungusha. Lilitoka. Ekseli ilionekana nzima kabisa machoni. Nilipoiviringisha juu ya kioo cha dirisha taratibu ndipo nikaona mwanga mwembamba unaingia chini yake, unapotea, unaingia tena. Imepinda. Kwa sababu seti ile ilitaka nitumie ekseli za zamani, nilisubiri nyingine kwa wiki kadhaa. Pula ndogo inasukuma ekseli katikati kabisa ya gurudumu, na haina nguvu ya pembeni.

Kama seti yako inataka gia ya zamani ihamie kwenye ekseli mpya, isukume kwa pula hiyo hiyo ukiiegemeza kwenye kitovu chake, siyo kwenye meno. Kisha iangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba kutoka tundu la katikati kuelekea meno, gia imepasuka. Usiirudishe.

7. Panga ekseli mpya. Utaratibu ni huu, na usiubadilishe: gurudumu la kwanza, washa, beringi kama ipo, gia, beringi ya pili, washa, gurudumu la pili. Kosa linalorudi kila siku ni mtu kubana gurudumu la pili kwa furaha, akageuka, akaziona beringi zake mbili zimebaki mezani. Kabla ya kubana, soma vitu vyote kwa sauti ukivigusa kimoja kimoja.

Gurudumu la kwanza libane likiwa limesimama wima kabisa. Weka ekseli kati ya midomo ya jiriwa, mbao ngumu pande zote, na ufunge polepole. Gurudumu likianza kuingia kwa upande, simama, litoe, anza tena. Halitajinyoosha lenyewe. Gia ikae katikati kabisa. Pima kutoka mgongo wa gurudumu hadi uso wa gia kwa vernia.

Gurudumu la pili linabanwa juu ya geji. Weka geji kati ya magurudumu, funga jiriwa mpaka lakaribia kuigusa, kisha robo mzunguko, ngoja, robo tena. Geji iliyokaa sawa inatoka kwa msuguano mdogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Ikidondoka yenyewe, nafasi imezidi. Ukilazimika kuivuta kwa nguvu, imepungua.

Gundi ya kushikilia vyuma kama Loctite itumie tu pale gurudumu linapolegea kwenye ekseli, na tone lisizidi kichwa cha pini. Inapenya hadi kwenye beringi ikakwamisha ekseli nzima, na baadhi ya plastiki zinapasuka zikiguswa nayo.

8. Hakiki juu ya kioo. Pima mgongo kwa mgongo katika sehemu tatu za mzunguko. Tofauti ya 0.05 ivumilie kwa EM, kwa P4 irekebishe. Kisha iviringishe ekseli juu ya kioo huku jicho lako likiwa usawa wa meza. Gurudumu likiyumba, libonyeze upande ulioinuka kwa kidole gumba dhidi ya mbao bapa, pima tena. Fanya hivi kwa ekseli zote sita. Inachosha, najua, lakini saa moja kwenye kioo inakuepusha na wiki nzima ya kukitazama kichwa kikiruka bila kujua sababu.

9. Weka washa za kuzuia mchezo wa pembeni. Magurudumu yakitoka nje, kati ya mgongo wa gurudumu na kisanduku cha gia kilicho katikati ya bogi panabaki nafasi mpya. Usipoijaza, ekseli inateleza kushoto na kulia, gia inatoka kwenye mwenzake, na kichwa kinatembea kama kimelewa. Ekseli za mwisho, ya kwanza na ya tatu, ziachie milimita 0.2 au 0.3 tu kwa jumla.

Ekseli ya katikati haifuati sheria hiyo. Kwenye kona inahitaji kusogea. Bogi ya Class 37 kutoka ekseli ya kwanza hadi ya tatu ni futi 13 na inchi 6, kwetu milimita 54. Kwenye kona ya 900, katikati ya bogi inahama kwa karibu milimita 0.4. Basi ipe uhuru wa 0.4 kila upande. Ukiibana kama za mwisho, kwenye njia iliyonyooka hutaona kosa, ila kona ya kwanza itakutupa nje. Hapa ndipo Class 37 inapomwonea aliyezoea vichwa vya ekseli nne.

10. Rekebisha umeme. Kama kichwa chako kina vibati vinavyogusa migongo ya magurudumu, vimebaki nyuma kwa milimita 1 au zaidi. Vikunje nje kwa kibano, karibu na shina lake, mpaka viguse gurudumu kwa wepesi. Kibati kinachobana sana kinafanya kazi ya breki. Kinachogusa kwa shaka kinaacha kichwa kisimame kwenye kila pointi. Zungusha ekseli kwa kidole, gia yake ikiwa haijashikana na mwenzake: inapaswa kuzunguka huku ukihisi kibati lakini hakikuzuii.

Kama umeme ulikuwa unapita kwenye ekseli, na magurudumu yako mapya yana kitovu cha plastiki, umeme hautafika. Plastiki haipitishi. Hapa watu wengi wanaunganisha kila kitu, wanaweka kichwa relini, kimya, halafu wanalaumu mota. Lehemu vipande vya waya wa fosfabronzi kwenye ubao mdogo wa shaba, ubao ugundishe kwenye sahani ya chini, na ncha za waya ziguse migongo ya magurudumu, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Kisha chukua multimita. Kila gurudumu la kushoto lisome na waya wa kushoto wa mota, na lisisome kabisa na wa kulia. Magurudumu kumi na mawili, yote.

11. Breki na mbavu za bogi. Breki za plastiki zimepangwa kufuata magurudumu ya OO, kwa hiyo sasa ziko ndani mno, nyuma ya gurudumu badala ya mbele ya uso wake. Zikate taratibu kwa kisu, zisogeze nje zikae mstari mmoja na gurudumu, zigundishe. Jipimie kwa karatasi: ipite kati ya breki na gurudumu pande zote. Ikikwama mahali, hapo patagusa. Wakati wa P4 huenda ukalazimika kupunguza upande wa ndani wa mbavu kwa tupa. Piga tupa kidogo, pima, piga tena. Ukitoboa ubavu, tundu litaonekana kwa nje, na hakuna rangi inayolificha.

12. Kwa P4 tu: ekseli ya katikati ipumue. Bogi ngumu yenye ekseli tatu inataka njia iliyo bapa kama kioo. Panua kidogo juu ya nafasi ya ekseli ya katikati, kwa 0.3 hivi, ili ipande reli inapoinuka. Kisha angalia namna bogi zinavyoshikwa na mwili. Moja iweze kuinama mbele na nyuma na pia kushoto na kulia. Nyingine iiname mbele na nyuma tu. Hapo mwili umekaa juu ya vituo vitatu kama jiko la mafiga matatu, na magurudumu yote yanagusa reli. Kwa EM hatua hii sijawahi kuihitaji kwenye njia iliyolazwa vizuri.

13. Rudisha sahani, weka tone moja la oili kwenye kila beringi na grisi kidogo kwenye gia, na ujaribu. Kwanza kwa umeme kidogo, polepole kabisa, kupitia pointi pande zote mbili, kidole kikiwa juu ya kichwa. Mkono unasikia mkwaruzo kabla ya sikio. Kisha nusu kasi, bila mabehewa, nusu saa kila upande. Mwisho angalia kimo. Magurudumu ya OO mara nyingi ni madogo kuliko kipimo halisi, kwa hiyo kichwa kinaweza kupanda kidogo na kisikutane sawa na kiunganishi cha behewa. Dekoda irudi baada ya yote haya.

Kikikusumbua

Kinaruka kwenye pointi, mahali palepale kila mara. Pima mgongo kwa mgongo wa ekseli inayoruka, hata kama ulishapima. Ikizidi, ukingo unagonga ncha ya moyo wa pointi, pale reli mbili zinapokatana. Ikiwa pungufu, migongo inabana kwenye reli ya ulinzi, ile fupi inayoelekeza gurudumu kwa ndani, na gurudumu linapanda. Ekseli zote zikiwa sawa, ndipo upime pointi yenyewe.

Kinaruka kwenye kona tu. Ekseli ya katikati imebanwa, au gurudumu linagusa breki bogi inapogeuka. Ondoa mbavu za bogi, jaribu tena. Kikipita, umepata jibu.

Shoti kwenye kona tu. Gurudumu au kibati kinagusa chuma cha fremu bogi ikigeuka. Zima taa, endesha polepole, tazama cheche. Mahali penye cheche pake rangi au ugundishe kipande chembamba cha plastiki.

Shoti mara tu unapokiweka relini. Bogi moja imerudi kinyume. Rudi kwenye picha za hatua ya 3.

Kinasimama simama kwa kasi ndogo. Vibati, karibu kila mara. Safisha migongo ya magurudumu kwa pamba yenye spiriti, maana magurudumu mapya huja na mafuta ya kiwandani, kisha angalia kama kila kibati kinagusa.

Kinayumba kushoto na kulia. Gurudumu halijasimama wima, au mchezo wa pembeni wa ekseli za mwisho umezidi. Kioo kitakuambia ni lipi.

Mlio wa tik, tik, tik unaokwenda na kasi. Gia imepasuka, na meno mawili yameachana kidogo pale penye ufa. Gundi haitashika, maana ekseli yenyewe ndiyo inayoipanua. Toa ekseli hiyo moja na uagize gia mpya.